Hamu Si Utayari: Tulivyorejea Darasani Wakati wa Korona

Wahenga walinena kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2020 methali hii ilitukaa midomoni sisi wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya, hasa tulipoulizwa na wazazi na majirani iwapo tulikuwa tayari kurudi masomoni ilhali ugonjwa wa korona ulikuwa bado unaua. Tuliwajibu kwa methali, tukafunga mabegi, tukaenda. Kasoro ya methali hiyo ni kwamba haituambii afanye nini mtu aliyekwisha kuvua nguo, akaufungua mfereji, akakuta hautoi hata tone. Yeyote aliyewahi kuishi katika bweni la chuo cha umma anajua kwamba hilo si fumbo.

Makala haya yananuia kutetea dai moja. Kilichoonekana wakati ule kuwa utayari wa wanafunzi kilikuwa hamu, na kwa kuwa hamu hiyo ilichukuliwa kuwa utayari, hakuna aliyejisumbua kuandaa utayari wenyewe, wala kuipima hasara baadaye. Hasara hiyo, kwa upande wetu sisi wa Kiswahili, ingali hai. Imo katika shule ambako wenzetu waliofuzu kipindi kile wanafundisha leo.

Msomaji atanisamehe nikianza na maneno mawili ambayo kila mtu anadhani anayajua. Hamu ni ya moyo. Mtu huwa na hamu ya kile alichokikosa, na kadiri anavyokikosa ndivyo hamu inavyozidi. Utayari ni wa moyo na wa vyombo pia. Msafiri anaweza kuwa na hamu kubwa ya kufika Lamu, lakini hawi tayari mpaka awe na nauli, awe na chombo, na awe amepata habari za upepo. Aliye na hamu peke yake huweza kumwambia nahodha "twende" kwa sauti kubwa kuliko mabaharia wote. Nahodha mwenye busara hasikilizi sauti. Hutazama tanga na bahari. Mwaka 2020 manahodha wetu walisikiliza sauti.

Tukumbushane jinsi mambo yalivyokwenda. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza taasisi zote za elimu zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa muda hadi tarehe 20 mwezi huo kuwaondoa wanafunzi. Tuliondoka tukidhani ni likizo ya majuma machache. Wengi tuliacha vitabu, magodoro na sufuria vyumbani. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 kwa shule za msingi na za upili ulikuwa umepotea. (Kwa sadfa, ndiyo tarehe ambayo UNESCO iliiteua mwezi Novemba 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sijui kama kuna chama cha Kiswahili kilichowahi kuzikumbuka siku hizi mbili kwa pamoja.) Tarehe 12 Oktoba 2020 wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea, na vyuo vikuu navyo vikaanza kuwarejesha wanafunzi kwa mafungu, aghalabu vikianza na wale wa mwaka wa mwisho. Shule zote zilifunguliwa tarehe 4 Januari 2021. Tarehe 26 Machi 2021 masomo ya ana kwa ana yakasitishwa tena nchini kote, vyuo vikuu vikiwemo, isipokuwa kwa watahiniwa na wanaosomea udaktari na uuguzi. Hivyo, wapo wenzetu waliorudi chuoni Januari na kurudishwa kwao kabla ya muhula kukomaa.

Ni muhimu kuzingatia jambo moja katika mfuatano huo. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, iliwasili Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Maana yake ni kwamba wanafunzi wote waliorejea mwaka 2020, na wale wa Januari 2021, walirudi katika nchi isiyokuwa na dozi hata moja. Silaha zilizokuwapo zilikuwa barakoa, maji na sabuni, na nafasi ya mita moja na nusu baina ya mtu na mtu.

Hamu ile ilitoka wapi? Si kwamba tulipenda vitabu ghafla. Kijana wa mwaka wa tatu aliyerudi nyumbani alikuta hana pa kukaa baina ya utoto na utu uzima. Alikuwa mzigo wa chakula na wakati uo huo mkono wa kazi. Wapo waliochimba mawe, walioendesha bodaboda, waliochuma majani chai, na waliowafundisha wadogo zao hesabu chini ya mti. Wapo wasichana waliokuwa wakiulizwa kila jioni kama bado wanangoja chuo ambacho pengine hakitafunguliwa. Wapo waliodaiwa kodi ya vyumba ambavyo hawakuvilalia kwa miezi saba. Mtu wa namna hiyo akiulizwa iwapo yuko tayari kurejea chuoni, kwa nini asiseme ndiyo? Anachokimbilia si ukumbi wa mihadhara. Anaikimbia hali. Jibu lake ni la kweli, ila si jibu la swali lililoulizwa.

Na swali lenyewe liliulizwaje? Liliulizwa kwa idadi ya matangi. Vyuo vilikaguliwa kuona kama vina mahali pa kunawia mikono langoni, kama askari wana vipimajoto, kama kuna chumba cha kuwatenga wagonjwa, kama viti vimetiwa alama. Siyabezi hayo. Tangi la maji ni bora kuliko kutokuwa na tangi. Lakini kipimajoto cha langoni kinamkuta mwanafunzi mara moja kwa siku, naye ana saa ishirini na tatu zilizobaki za kuishi ndani ya lango. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya wanafunzi wawili kinakaliwa na wanne. Usiku huingia wa tano, ambaye hakupata nafasi wala hana pesa za kupanga nje, akalala mzungu wa nne na rafiki yake. Warsha zote za mita moja na nusu zilivunjikia pale kitandani. Wasimamizi wa mabweni walilijua hilo, wakuu wa wanafunzi walilijua, na baadhi yao walikuwa wamelala hivyo hivyo walipokuwa wanafunzi. Halikuandikwa popote, kwa sababu kuliandika kungelazimu mtu ajibu wanafunzi hao wapelekwe wapi.

Hali ya kumbi ilikuwa vivyo hivyo. Kozi za pamoja, zile ambazo kila mwanafunzi wa kitivo hulazimika kuzisoma, huwakusanya mamia kwa wakati mmoja. Ukumbi wa watu 300, ukitenga mita moja na nusu kila upande, hauwezi kuwatosha hata theluthi moja yao. Ili kanuni ifuatwe, mhadhiri angehitaji kuutoa mhadhara mmoja mara nne au zaidi, na hakuna chuo nilichokisikia kikiajiri wahadhiri zaidi mwaka ule. Kilichofanyika ni kwamba alama zilipakwa kwenye viti, nasi tukakaa juu ya alama hizo.

Hapa nataka niingie katika yale yanayotuhusu hasa sisi wa idara ya Kiswahili, kwa kuwa mjadala wa kitaifa uliwazungumzia wanafunzi kana kwamba wote wanasoma somo moja. Ilisemwa kwamba wanasayansi ndio wanaohitaji kurudi upesi kwa sababu ya maabara, na kwamba wa fani za lugha wanaweza kusoma popote palipo na simu. Aliyesema hivyo hajawahi kufundisha fonetiki.

Fonetiki ya Kiswahili hufundishwa kwa uso. Mhadhiri husimama mbele, akafumba midomo akatamka /p/ na /b/ na /m/, akaliweka jino juu ya mdomo wa chini akatamka /f/ na /v/, akautoa ulimi baina ya meno ili mwanafunzi aone "th" na "dh" zinavyozaliwa. Wengi wetu tunatoka katika lugha za kwanza ambazo hazina sauti hizo mbili za mwisho. Tumesema "zahabu" na "selasini" tangu utotoni, na walimu wetu walitusahihisha au hawakutusahihisha, kutegemea walikotoka wao. Chuo kikuu ndicho kituo cha mwisho ambapo kosa hilo linaweza kushikwa kabla halijapewa chaki na kukabidhiwa wanafunzi hamsini. Basi fikiria mhadhiri huyo akiwa amevaa barakoa. Fikiria akitamka "dhana" kisha "zana", "thamani" kisha "samani", akiwauliza walioketi nyuma kama wameona tofauti. Hawajaona kitu. Kilichofunikwa na barakoa ndicho kilichokuwa somo lenyewe. Hamishia sasa mhadhara huo katika simu ndogo, mahali ambapo mtandao unakatika kila baada ya dakika mbili, na ambapo video huzimwa ili data isiishe. Mwanafunzi anasikia sauti iliyokwaruzwa, haoni mdomo wala ulimi, kisha anaulizwa katika mtihani aeleze mahali pa matamshi. Ataeleza vizuri tu, kwa sababu jedwali la konsonanti limo katika kila kitabu cha isimu. Atapata alama zake. Kutamka hajui.

Nimetaja mtandao. Mwezi Julai 2020 huduma ya intaneti kupitia maputo yaliyorushwa angani, ya kampuni ya Loon kwa ushirikiano na Telkom Kenya, ilianza katika maeneo ya magharibi na kati ya nchi. Magazeti yalishangilia, nasi tuliinua macho. Kufikia Januari 2021 kampuni iliyokuwa ikiimiliki Loon ilikuwa imetangaza kuifunga. Silitaji jambo hili kwa kejeli. Linaonyesha tu jinsi masomo ya mbali yalivyotegemea vitu ambavyo havikuwa mikononi mwa chuo wala mwanafunzi. Aliyekuwa na kipakatalishi na umeme nyumbani alisoma. Aliyekuwa akipanda mlima jioni kutafuta mawimbi ya simu alisoma kidogo. Walipokutana tena ukumbini walihesabiwa kuwa darasa moja lililofika mahali pamoja katika mtaala, na kuanzia hapo mhadhara ukaendelea.

Fasihi simulizi nayo ilipata pigo la aina yake, na pigo hili halijazungumzwa ipasavyo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hupelekwa nyanjani. Hutafuta mtambaji, manju, au bibi anayejua nyimbo za jando na unyago, hukaa naye, hurekodi, hunukuu, hutafsiri. Wanaojua mambo hayo kwa jumla ni wazee, na wazee ndio ugonjwa huu uliowaandama zaidi. Ilikuwaje basi kijana atoke katika bweni la watu watano chumbani, apande matatu, aende kukaa goti kwa goti na mzee wa miaka themanini ili apate alama thelathini za kazi ya muhula? Wahadhiri wenye utu waliifuta kazi hiyo na badala yake wakaruhusu kazi ya maktabani. Nawasifu kwa hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba kuna mafungu ya wanafunzi waliofuzu katika somo la fasihi simulizi bila kumsikiliza fanani hata mmoja, na wakati huo huo wazee tuliokusudia kuwarekodi walikuwa wakizikwa. Kuna wanafunzi waliosoma utendaji kama mtu anayesoma upishi bila kuingia jikoni.

Halafu kuna mazoezi ya kufundisha. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumo katika shahada ya elimu, na shahada hiyo haikamiliki mpaka mwanafunzi apelekwe shuleni, aandike maazimio ya kazi na maandalio ya somo, na mhadhiri aje akae nyuma ya darasa amtazame. Kila mtu aliyejadili utayari wa wanafunzi wa vyuo alisahau kwamba utayari wetu ulikuwa umefungwa kamba kwenye utayari wa shule za upili. Shule zilifungwa kuanzia Machi hadi Oktoba. Zilipofunguliwa kwa mafungu, aliyekuwamo katika shule za upili ni mtahiniwa wa Kidato cha 4 peke yake, na mwalimu mkuu gani angemkabidhi mtahiniwa aliyekaa nyumbani miezi saba kwa mwalimu mwanafunzi asiyewahi kusimama mbele ya darasa? Ilipofika Januari 2021 shule zilikuwa zikisoma muhula wa pili wa mwaka 2020, na kalenda ya shule na ya chuo hazikuwa zikikutana popote. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2020 ulifanywa Machi na Aprili 2021, ule wa 2021 ukafanywa Machi 2022, na ule wa 2022 ukafanywa mwishoni mwa mwaka huo huo. Mihula ilibanwa ili kufidia. Mwalimu mwanafunzi aliyeingia katika mihula hiyo iliyobanwa alikuta shule inakimbia. Aliambiwa amalize silabasi, si ajifunze kufundisha.

Wapo watakaosema kwamba navuta pazia la hofu, na kwamba majirani zetu hawakuogopa kiasi hicho. Nchini Tanzania vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, wakati sisi tungali tukihesabu visa kila alasiri mbele ya runinga. Wanachama wa vyama vya Kiswahili wenye marafiki Dar es Salaam na Dodoma walizipokea picha za wenzao wakiwa ukumbini, nasi tukaona wivu. Lakini Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwishoni mwa Aprili mwaka huo, na hivyo hakuna awezaye kusimama leo akathibitisha kwa hesabu kwamba walirejea wakiwa tayari au wakiwa jasiri tu. Upande wa pili, Uganda ilizifunga shule zake kwa muda mrefu zaidi, hadi tarehe 10 Januari 2022, na hakuna mzazi wa Uganda aliyeniambia kwamba huo ndio uliokuwa utayari. Kukawia si kujiandaa, kama vile kuharakisha si ushujaa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sidai kwamba tulifaa kubaki nyumbani hadi Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Kurejea kulikuwa jambo la lazima, na mimi nilirejea nikiwa na furaha. Ninachokipinga ni imani kwamba mlango ukishafunguliwa, yaliyokuwa yamefungiwa nje yameingia yenyewe.

Wahadhiri wetu nao hawakuulizwa vilivyo. Katika vyuo vya umma nchini Kenya mhadhiri anaweza kufundisha hadi miaka 70, na idara za Kiswahili zina wasomi wengi waliokaribia umri huo, ambao ndio wanaozibeba kozi za isimu historia, ushairi na fasihi ya kale. Mwanafunzi wa miaka 21 alipojitapa kwamba korona ni homa ya kawaida kwa vijana, huenda alisema kweli juu yake mwenyewe. Hakuwa peke yake ukumbini. Utayari wa darasa hauwezi kupimwa kwa afya ya waliokaa kwenye viti pekee, ukamsahau aliyesimama. Nakumbuka jinsi tulivyoshindwa hata kuomboleza. Profesa Ken Walibora alipofariki jijini Nairobi mwezi Aprili 2020, kanuni ziliruhusu waombolezaji wasiozidi 15 mazishini. Mwandishi aliyesomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari kupitia Kidagaa Kimemwozea alizikwa mbali na wasomaji wake, nasi tuliokuwa tumetawanyika vijijini tuliandika mashairi ya tanzia katika simu na kutumiana. Tuliporejea chuoni muhula ulikuwa umebanwa mno, na katika idara yetu kikao cha kumkumbuka kiliahirishwa, kikaahirishwa tena, kisha kikaacha kutajwa.

Jambo lingine ni dogo kwa wengine, ila kwetu ni kubwa. Matangazo ya namna ya kurejea, mengi niliyoyaona yakiwa yamebandikwa langoni na kutumwa katika simu, yaliandikwa kwa Kiingereza kizito cha ofisini. Mpishi wa kantini, mfagiaji na askari wa usiku walipewa kanuni ambazo kuzielewa kulihitaji mwanafunzi awafasirie. Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kikifanya kazi kubwa nje ya lango. Barakoa, kafyu, karantini, kitakasa mikono, na baadaye UVIKO-19, yote yalikuwa midomoni mwa watu kabla hatujaketi kuyajadili katika semina. Idara ya Kiswahili ingeweza kuombwa iandike kanuni hizo kwa lugha ya watu wote waliomo chuoni. Haikuombwa. Nasikitika kuongeza kwamba wala haikujitolea, na sisi wa vyama vya wanafunzi tulikuwa tukibishana kwenye simu iwapo neno sahihi ni "korona" au "UVIKO".

Sasa nini kifanyike? Waliokuwa mwaka wa kwanza wakati ule wamekwisha kufuzu. Wengine wako shuleni, wengine wanangoja kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, wengine wameacha ualimu. Haiwezekani kuwarudisha wote, na shahada zao ni halali. Hata hivyo inawezekana kujua ni nini hakikufundishwa. Kila mhadhiri anayo kumbukumbu ya mada alizoziruka katika mihula ile, na kila mwanafunzi wa wakati huo anajua ni wapi alijibu mtihani kwa kukariri. Idara zetu ziandike orodha ya mada hizo, kozi kwa kozi. Kisha likizo ya Agosti, wakati walimu wako huru, idara zifungue milango kwa siku tatu au nne ili waliofuzu miaka hiyo waje kusoma fonetiki ana kwa ana, midomo ikiwa wazi. Wahadhiri wa fonetiki warekodiwe kwa video iliyo karibu na uso, sauti moja moja, ili dharura nyingine ikitokea tusianze tena na sauti iliyokwaruzwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi walioko chuoni sasa wapelekwe kwanza kwa wale fanani ambao mafungu ya 2020 na 2021 yaliwakosa, maadamu baadhi yao wangali hai, na rekodi hizo zihifadhiwe idarani badala ya kufutwa baada ya kusahihishwa.

Kuhusu usimamizi, kila chuo kina kamati ya dharura ya aina fulani iliyobaki kutoka wakati ule, hata kama haikutani. Mwanafunzi mmoja anayeishi bwenini aketi humo, asiwe kiongozi wa wanafunzi mwenye chumba chake peke yake. Yeye ndiye atakayesema ni watu wangapi wanalala katika chumba gani. Idara ya Kiswahili nayo ipewe jukumu la kuandaa mapema, kabla ya haja, kanuni za dharura kwa Kiswahili chepesi. Na chama chetu kiifanye kazi hiyo kuwa zoezi la uandishi la kila mwaka, liandikwe, lisomewe wapishi na askari, na lirekebishwe pale wasipoelewa.

Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji wakuu wa idara waamue, nacho chama kitoe majina ya wanafunzi watakaoifanya, kabla waliokuwa madarasani miaka ile hawajasahau ni nini hasa hawakufundishwa.